Kijiji kilikataza asisemeshwe, mimi nikamfundisha kuchomelea

Wakuu, salaam kutoka Kishapu. Mimi nimeishia darasa la tatu, kwa hiyo mkikuta herufi imepinda inyoosheni wenyewe mkiwa mnasoma. Ila hili nimeliona kwa macho yangu, sikusimuliwa.

Nina gereji ya kuchomelea karibu na Mhunze. Plau, matela, mageti. Nilianza na mashine ya kukodi, hakuna mjomba aliyenishika mkono. Hilo lieleweke.

Hapa kijijini kuna kijana, Masanja, miaka kumi na tano. Aliiba pampu ya kumwagilia ya Mama Ng'washi, mjane, akaenda kuiuza kwa wachimbaji kule Bugarama. Bustani ya yule mama ikakauka yote.

Mahakama ya watoto haikumfunga. Ilisema abaki nyumbani ajifunze ufundi, ustawi wa jamii wamsimamie.

Kijiji nacho kikatoa hukumu yake. Sungusungu, walinzi wetu wa jadi, wakamtenga: atakayemsemesha, faini mbuzi.

Wakuu, kutengwa huku kwetu si mchezo. Mtoto anasalimia, watu wazima wanaangalia miti.

Siku moja afisa ustawi akaja gereji, binti mdogo na pikipiki ya kuazima.

"Shikamoo mzee. Mradi uliokuwa unalipia mafunzo ya hawa vijana umekwisha. Fundi wa mjini amewarudisha wote. Nikikosa pa kumweka Masanja, mahakama inaweza kumpeleka shule ya maadilisho. Ni mbali, mama yake hataweza kwenda kumwona."

"Marahaba. Sasa mimi ndiyo serikali?"

"Hapana mzee. Wewe una mashine."

Nikamfukuza.

Jioni nikapita kwao. Mama anamnyoa yule kijana, kamlaza kichwa mapajani kama mtoto mchanga. Nilishindwa kuendelea na safari yangu. Nikampigia yule binti wa ustawi: mlete.

Sasa nitamfundishaje bila kumsemesha? Nikapata akili. Nina mbuzi jike anashinda pale gereji. Nikawa naongea na mbuzi.

"Wewe mbuzi, mkono usitetemeke!"

"Mbuzi, vaa miwani, au unataka upofu?"

Masanja anacheka chini chini, anafanya.

Kamanda wa sungusungu akapita. "Mzee, unaongea na nani?"

"Na mbuzi wangu."

"Mbuzi anachomelea?"

"Anajifunza. Kichwa chake chepesi kuliko chako."

Tukaenda hivyo, kijana mkono ukakaa sawa. Mpaka siku moja nageuka, namwona kainamia pipa alilolileta mteja, anataka kulikata kwa moto. Lile pipa lilikuwa la petroli na halijaoshwa. Fundi yeyote anajua hilo ni bomu.

Mbuzi nikamsahau.

"Masanja! Acha! Acha mwanangu!"

Akaacha. Nilimkumbatia. Kijiji kizima kilisikia.

Nikaitwa mkutanoni, Masanja na mama yake nao. Nikawaambia, mbuzi chukueni, na kesho namsemesha tena. Mnataka awe mtu, na maneno mnamnyima. Utu ataujifunza kwa nani, kwa mbuzi?

Mama Ng'washi akasimama. Nikajua hapa tumekwisha.

"Masanja," akamwita kwa jina. "Plau yangu imekatika mkono. Kesho uje nyumbani uichukue, uichomelee."

Aliyeitika ni mama yake, huku analia.

Kesho yake alikwenda. Akarudi na plau, na michembe, vile viazi vitamu vikavu vya kuchemsha, imefungwa kwenye kipande cha kanga, bado ya moto.

"Guku, kasema tule wote."

Guku kwa Kisukuma ni babu. Tukala.

Nilichojifunza: mahakama inaweza kumwachia mtoto, lakini kama halmashauri haiweki fungu la mafunzo, yule binti wa ustawi atazunguka na pikipiki ya watu mpaka achoke. Watenge hela. Na wewe mwenye gereji, cherehani au tanuri la mikate, nenda ofisi ya ustawi uulize. Hulipwi, nisikudanganye.

Aliyewahi kumpokea kijana wa namna hii aseme alifanyaje. Wa kubeza nao karibuni, nina muda wa kuwajibu. Masanja ndiye anayefungua gereji asubuhi siku hizi.