Mkalimani wa Mpira Niliyemfuata Ruangwa

Niliondoka kwetu Mkotokuyana kwa sababu ya kilio. Si cha msiba, subirini nieleze. Wachina wanaojenga barabara walikuja kucheza na timu yetu, nami ndiye mlezi wake. Tulipowafunga la tatu, vijana wakamlaza golikipa wao, Bwana Chen, wakamfunika shuka na kumlilia kama maiti. Ni utani. Huku kwetu hata kwenye msiba wenyewe mtani anaweza kujilaza kaburini, msizike mpaka mmpe chochote. Lakini mkalimani wao amezoea habari za lami na kokoto. Akamwambia kavukavu: "Wanasema umekufa, wanakuzika." Chen akavua glavu, wakaondoka wote. Na walikuwa wameahidi greda la kutusawazishia uwanja, maana una mashimo kama shamba lililopitiwa na nguruwe.

Asubuhi yake nikapanda bodaboda hadi Nachingwea mjini, kisha basi la Ruangwa, kumtafuta mkalimani anayeujua mpira. Njiani mikorosho imechanua, nikamkumbuka marehemu mjomba aliyeoa kule Malolo, aliyekuwa akipiga chafya msimu mzima wa maua. Haihusiani, lakini nilicheka peke yangu.

Saa tano niko Ruangwa. Sokoni wakanielekeza kwa kijana mmoja anayewatafsiria Wachina wa migodini. Nikamuuliza, kuotea, ile ofsaidi ya mpira, kwa Kichina wanasemaje? Akakuna kichwa. "Mzee wangu, mimi ni wa mashine. Mtafute Mwalimu Neema, mtu wa Bukoba. Alisomea michezo kulekule China."

Mchana nikamkuta mgahawani, anakula wali maharage.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mwalimu, hebu nikupime. Kuotea!"

Akalitamka kwa Kichina, nikaitikia kwa kichwa kama ninayejua. Akapanga chupa za soda mezani kama wachezaji. "Haya babu, sasa nionyeshe wewe. Aliyeotea ni nani?"

Nikagusa Fanta, kumbe siyo. Muuza chakula akacheka mpaka mwiko ukamdondoka. Mlezi wa timu mimi, miaka yote hiyo!

Nikamweleza Mwalimu shida yangu. Akasikiliza, akafuta mikono. "Unataka radhi au unataka greda?"

Nikaanza kurudisha chupa zile mahali pake. Ukweli, nilitaka greda.

"Basi mimi natafsiri tu, kuomba radhi utaomba mwenyewe," akasema. "Na greda usilitaje."

Alasiri tukarudi pamoja, tukashukia kwenye kambi ya Wachina. Chen akatoka, uso umekunjwa. Nikasema: "Mwanangu, huku hatumlilii tusiyempenda. Adui akifungwa tunamzomea tu. Ila ulikuwa mgeni, tungekueleza kwanza. Nisamehe." Neema akatafsiri, tena kwa kirefu kuliko nilivyosema, huku akionyesha kwa mikono: golikipa, shuka, kilio. Chen akauliza jambo. Neema akamjibu. Wenzake wakaanza kucheka, yeye bado.

Nilipokuwa mtoto nilidhani mkalimani hubeba kila kitu. Kumbe hubeba maneno tu. Aibu unaibeba mwenyewe, na ni nzito kuliko gunia la ufuta.

Mwisho Chen akanishika mkono, akasema maneno marefu.

"Anasema watacheza Jumamosi," Neema akanigeukia, anajizuia kucheka. "Lakini greda litatangulia Alhamisi. Anasema akidumbukia tena kwenye yale mashimo atakufa kweli, halafu mtalia na hakuna atakayewaamini."

Nikamwambia Neema: "Mwambie kwamba sasa yeye ni mtani wetu."

"Ameshajua, babu. Anauliza, shuka lile mmeshalifua kwa ajili ya Jumamosi?"