Eustaki wa Meli ya Watalii

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Eustaki alikunja blanketi lake likawa bata, shingo ndefu na mabawa mawili. Ndivyo alivyofundishwa kukunja mataulo kwenye meli ya watalii, Mto Kongo. Sasa bata yule alikaa juu ya magunia ya mahindi, maana Eustaki alilala ghalani kwa mama yake, kijijini Mollo. Ndani ya nyumba hakuruhusiwa. Alikuwa marehemu.

Binti yake Evodia alimfuata mlangoni mwa ghala.

"Baba, nisimulie meli."

"Nyeupe, ghorofa tatu. Mto mpana, ng'ambo huioni, utadhani ziwa. Wazungu wako juu na vinywaji, wanapiga picha misitu na watu wa mitumbwi. Sisi chini, karibu na injini, tunafua mashuka. Mto wenyewe nausikia tu unapita ukutani."

"Sasa ulisafiri au ulifua?"

Akacheka upande mmoja wa uso. Upande mwingine uliungua.

Meli ile iliwaka moto safarini. Obed, mwenzake wa kufua, aliogelea akatoka, akapiga simu nyumbani: Eustaki sijamwona. Kumbe Eustaki aliokotwa na wavuvi, akalazwa mbali huko, hana simu wala namba ya mtu. Nyumbani wakangoja, mvua zikaja zikaisha, wakangoja tena. Mwisho ukoo ukakata shina la mgomba, wakalivika koti lake, wakalizika nyuma ya nyumba. Mama yake, Bertila, ndiye aliyetupia udongo wa kwanza.

Siku Eustaki aliporudi akabisha hodi, mama hakufungua. Alisema akiwa dirishani, "Nimeshakulilia, baba. Nimemaliza."

Baba mdogo Raphael akaeleza utaratibu wa ukoo wao: aliyetupia udongo wa kwanza alifukue shina, lichomwe, ndipo mtu apite mlangoni na kula na wenzake.

"Shemeji, chukua jembe."

"Na shimo likibaki wazi, litamdai nani? Si huyu mtoto?" akauliza Bertila, akimvuta Evodia kwake.

"Mwenyewe huyu hapa, anakohoa!"

"Hata mizimu inakohoa," akasema jirani yao Getruda. Watu wakacheka, halafu kicheko kikakatika.

Eustaki akangoja. Ugali wa ulezi aliwekewa kizingitini, na kikombe cha peke yake. Hata jioni moja akaliona jembe limeegemezwa karibu na kaburi. Mama alikuwa amelitoa. Alilala akiwaza atakaa upande gani wa meko.

Kulipokucha, Evodia alikuwa anawaka homa, macho yamegeuka. Bertila akalirudisha jembe ndani, kisha akamjia mwanawe. Kwa mara ya kwanza tangu arudi, akamtazama usoni.

"Unaona? Na hata sijachimba."

"Ni malaria, mama. Mpelekeni hospitali."

"Tunampeleka. Na wewe je, utabaki hapa?"

Eustaki aliitazama bodaboda ikiondoka, mtoto kafungwa kwa kitenge kifuani mwa bibi yake, mguu mmoja ukining'inia. Akaingia ghalani, akakunja blanketi mraba tu, kama wanavyokunja watu wote. Akavaa ndala, akapita kando ya kaburi lake. Getruda alikuwa akichuma mboga. Akainama zaidi asionane naye. Eustaki akashika barabara ya kwenda mjini Matai.

Evodia alipopona alikaa mlangoni mwa ghala akimngoja. Hakurudi.