Mifuko Arobaini ya Udongo

Kwenye maabara ya misitu walimwita Bi Mizizi. Kwa miaka kumi na tisa alikung'uta mizizi ya miti, akabakiza ule udongo mwembamba unaoing'ang'ania, akausuuza na kuchuja maji yake ili zipimwe asidi ambazo mzizi huzitoa kulainisha mawe na kujipatia chakula. Kwa wepesi wa mkono wake, watafiti walimtania kwamba mti wenyewe haujui kama umeguswa.

Binti yake wa pekee alifuata mkondo huo huo, akasoma hadi akawa mtafiti, akaanza kumletea mama yake kazi.

"Bosi, safari hii nilete mifuko mingapi?"

"Lete utakayo, mradi lebo zisomeke."

Alhamisi moja gari la utafiti, likimrudisha binti na mifuko yake toka msituni, liliteleza mteremkoni, likapinduka. Dereva alivunjika mkono. Binti hakufika hospitali.

Kesho yake asubuhi mkuu wa maabara akapiga simu kutoa pole. Bi Mizizi akamkatiza.

"Udongo umefika?"

"Umefika na mizizi yake, mifuko arobaini. Lakini mama, achana nao."

"Barafu ya kuuhifadhi je?"

"Imeyeyuka."

Wote wawili walijua maana yake. Bila baridi, vijidudu vya udongoni huzila asidi hizo kwa saa chache tu, na fundi mwingine alikuwa likizo, mbali.

Dada yake akamshika mkono mlangoni. "Unakwenda wapi, na mtoto analetwa saa saba?"

"Nakwenda kumalizia kazi yake. Saa nane nimerudi."

Saa nane ilimkuta kwenye mfuko wa ishirini na sita. Juu ya lebo, kwa mwandiko anaoujua, palikuwa na maneno: "Mama, hii ni laini mno, polepole." Akakaa sakafuni. Aliposimama, aliikung'uta mizizi hiyo polepole kama alivyoambiwa, kisha akaendelea mpaka wa arobaini.

Alifika nyumbani saa kumi na moja.

"Tumeshamwosha," dada yake akasema. "Tulikungoja mpaka watu wakaanza kunong'ona."

Bi Mizizi akafunua shuka, akaitazama mikono ya mwanawe. Kucha zilikuwa nyeupe pe.

"Zilijaa udongo," dada akasema. "Nimezisugua."

Hapo ndipo alipopiga ukelele, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Baada ya miezi minne majibu yakatoka: miti ya mteremko wenye mawe ilitoa asidi karibu mara tatu ya ile ya bondeni, kama binti alivyobashiri. Jina lake ndilo lililotangulia kwenye ripoti. Bi Mizizi aliisoma mara moja, akaomba ahamishiwe stoo ya vyombo.

Na dada yake walipatana, ingawa ilichukua muda. Jumapili hukaa jikoni wawili, wakichambua mboga, naye Bi Mizizi huuliza kidogo kidogo juu ya alivyooshwa mwanawe, kadiri moyo unavyohimili.

"Nywele mlizifanyaje?"

"Nilizichana, nikazisuka mistari minne."

"Zilikuwa zimefungamana?"

"Kidogo, upande wa kushoto. Nilianzia nchani, asiumie."