Masufuria ya Mlimani

Mimi nanadi dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, na riziki yangu inatoka kooni. Kwa hiyo mama aliponiambia tunakwenda mlimani, huko mbele ya Sengerema, tukae siku tatu bila kusemeshana na mtu, nilimwuliza nimemkosea nini.

"Dada yako naye anakuja," akasema.

Hapo nikaelewa. Mimi na dada, anayenizidi miaka tisa, tulikuwa tumenuniana tangu tumzike baba. Au tuseme tangu wao wamzike, maana mimi nilifika kaburi limeshafukiwa. Daraja la Busisi lilikuwa bado nguzo tupu, nami nilishinda Kigongo kwenye foleni ya kivuko cha kwenda kwetu, ng'ambo ya ziwa. Dada ndiye aliyekuwa anasimamia msiba, na hakunisubiri. Tangu siku hiyo nilimnyima shikamoo. Nikikutana naye nilisema "habari", kama ninavyomsalimia muuza vocha, na kwetu hilo ni tusi lililovaa nguo safi.

Safari hii daraja tulilivuka kabla sijamaliza kumenya chungwa. Nikazidi kukasirika.

Mlimani wanapokea dini zote. Mwenyeji, mwalimu mstaafu, alivaa kanzu na kofia, rozari shingoni na bangili ya shaba ya mizimu mkononi, kama mtu aliyekata tiketi za mabasi yote ili lolote litakalotangulia limchukue. Waislamu walikuwa na banda lao, Wakatoliki na Walutheri wa Kagera wakagawana jingine, na wazee wa Kisukuma waliwamwagia wahenga wao unga kwenye jiwe kubwa. Sala ziliruhusiwa, mazungumzo marufuku. Atakayevunja ukimya ataosha masufuria ya kambi nzima. Chakula kilikuwa maharage, na kesho yake maharage. Ziwa tuliliona kule chini, limejaa sato, nasi tunatafuna maharage kwa ajili ya roho.

Sitadanganya, ukimya ulinifaa. Mimi na dada tulikuwa wazoefu wa kazi hiyo. Wenzetu waliotaabika walitutazama kwa heshima.

Asubuhi ya pili nilikuwa nakinga maji kwenye tangi, usingizi haujaniisha. Nikasikia ndala nyuma yangu, nikaona pindo la kitenge cha mtu mzima. Mtoto wa Kisukuma hafundishwi salamu, anachapwa mpaka imwingie magotini. Magoti yakapinda yenyewe na mdomo ukasema, "Shikamoo."

Alikuwa dada.

Mwenyeji alikuwa hatua chache kutoka pale, ameshanyanyua kidole. Dada alinitazama. Alikuwa na kisingizio kizuri kuliko vyote: sheria yenyewe ilimkataza kujibu. Shikamoo isiyojibiwa humchoma aliyeitoa, na mimi niliistahili hiyo. Niliogopa kweli.

"Marahaba, mdogo wangu," akasema, kwa sauti ya kusikika.

Mwenyeji akatuonyesha jikoni.

Masufuria yalikuwa meusi hadi kwenye mishikio. Tulisugua kwa majivu, na tukaona kwamba aliyekwisha kuvunja ukimya hana tena cha kuvunja.

"Kwa nini hukunisubiri?" nikamwuliza.

"Nilisimama mbele ya jeneza. Nikasema haendi popote mpaka mdogo wangu afike." Aliendelea kusugua. "Baba wadogo wakanibeba pembeni, mmoja mkono huu, mwingine mkono huu. Wakasema jua linakwenda."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Ulifika ukaniambia habari."

Nililia juu ya yale majivu. Nilikuwa nimemwadhibu mtu miaka yote hiyo kwa kosa ambalo yeye ndiye peke yake aliyejaribu kulizuia. Niliendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata, mpaka dada akaninyang'anya akisema nitaitoboa. Mama alipita, akaweka sahani yake juu ya rundo, wala hakututazama.

Kulikuwa na mengi ya kuongea, na masufuria yaliisha kabla yetu. Ikabidi turudi kunyamaza na wenzetu.

Siku ya tatu niliamka mapema. Nilimkuta dada amekaa kati ya Walutheri, macho yamefumbwa. Nikasimama mbele ya mwenyeji ili asikie vizuri, nikapiga magoti, nikamwamkia dada kwa sauti ya Mwaloni.

Alijibu kabla sijamaliza.