Ufa Nyuma ya Kitanda

Kila Julai ikiingia, mwanangu, na jua la Nairobi likijifunika wingu kama mtu aliyekataa kuamka, inanirudia siku moja ya ujana wangu pale Mashimoni, Kibera. Nilikuwa mama wa mtoto mmoja, na mtoto huyo nusura apakiwe basi la kwenda ziwani bila mimi. Mtoto mwenyewe ni wewe, Achieng.

Najua nasaha ni za wenye mvi. Mimi mvi sina, na subira pia sina. Lakini juzi hapa Kawangware nimemkuta msichana wa nyumba ya tatu, mama wa juzi juzi tu, amefunga mlango, ameziba dirisha kwa matambara, na katikati ya chumba jiko la makaa linawaka, yeye na mtoto wamelizunguka. Nilitoa lile jiko nje kabla hata ya kumsalimia. Akaniambia, "Mathe, si ni baridi." Nikamwambia baridi itamkohoza, ila hewa ya hilo jiko itamzika. Alinuna. Anune. Mimi nilinuna zaidi yake nilipokuwa na umri wake, na waliyoniambia ndiyo naandika hapa, uyasome ukipata nyumba yako, na yule msichana ayasome leo.

Mimi nilizaliwa hapa hapa Kawangware, kwenye nyumba ya mabati, nikasoma mpaka kidato cha nne. Matope nilikuwa nayajua kwa viatu tu. Baba yako aliponioa akanipeleka Mashimoni, kwenye chumba kimoja cha udongo na fito. Jua la Januari lilikuwa limepasua kuta, na hakuna aliyezigusa. Nyufa zilikuwa zimepanda kutoka chini mpaka kwenye paa, na moja, kubwa kuliko zote, ilikuwa nyuma ya kitanda, pale pale ulipokuwa unalala. Masika yalipoisha, wanawake wa ploti, wapangaji wenzangu, walitoka kukandika nyumba zao. Jirani yangu Mama Mwende, mjane kutoka Kitui aliyekuwa anauza githeri ya mahindi na maharagwe kwenye njia ya kwenda kwenye maji, alinigongea mlango akaniambia nitoke na karai. Nikamjibu kwamba nyumba ni ya mwenye nyumba, aje aikandike mwenyewe. Mimi sikusoma ili nikanyage mavi ya ng'ombe.

Na nilikuwa na haki, usinielewe vibaya. Mwenye nyumba nilimfuata kila alipokuja kuchukua kodi. Nilimwambia mtoto anakohoa. Aliangalia ukuta kama anaangalia ng'ombe wa mtu mwingine, akaniambia ninunue blanketi. Mpaka leo nikikumbuka hilo jibu mikono inaniwasha. Kwa hivyo nilikasirika. Nilikasirika asubuhi, nikakasirika jioni, na ufa ukabaki pale pale, unapuliza.

Basi Julai ikaja, na nyanya yako, mama mkwe wangu, akaja nayo. Alitoka Siaya, kule ziwani, na kuku mmoja na gunia la mtama, akakuta unakohoa kifua kinalia kama birika la chai. Alikubeba tu, akakufunga kwa leso yake.

Sasa sikiliza, hapa ndipo mambo yalipogeuka. Kwa Wajaluo mama halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni mwiko, na chumba kikiwa kimoja ndiyo kabisa. Kwa hivyo mama mkwe akija mjini, anatafutiwa jirani wa kumlaza. Nami nilimwomba Mama Mwende, yule yule niliyemfungia mlango. Hakunikumbusha. Alisema tu, "Mgeni njoo mwenyeji apone," akatandika.

Nilidhani nimefanya jambo dogo. Kumbe nimemweka mama mkwe wangu mahali atakapoujua ukweli wote.

Asubuhi alikuja akasimama mlangoni kwangu, baba yako bado anakunywa chai. Alizungumza polepole, kwa Kiswahili, ili nisikose hata neno. Alisema jana usiku hakuhitaji hata sweta. Alisema nyumba ya Mama Mwende ni udongo ule ule, mwenye nyumba yule yule, Julai ile ile. Kisha akachukua koroboi yangu, akaiwasha, akaiweka karibu na kitanda. Mwali ukainama kuelekea pale ulipolala kama mtu anayeitwa.

"Nyar Kawangware," akasema, maana ndivyo alivyoniita, binti wa Kawangware, "huu upepo unalala na mtoto. Jumapili ninaenda naye nyumbani. Atarudi baridi ikiisha."

Nilimtazama baba yako. Baba yako aliitazama chai.

Mwanangu, nikuambie kitu. Kuna maneno yanayomtoa mtu roho hata kama aliyeyasema ana haki. Ulikuwa bado unanyonya. Nilitoka nje, nikaingia kwa Mama Mwende, nikaanza kumwaga yote: mama mkwe hivi, mwenye nyumba vile, baba yako na chai yake. Nilipiga kelele hata watu wa foleni ya maji wakasimama kusikiliza. Yeye alikuwa anachagua maharagwe. Aliendelea kuchagua mpaka nikaishiwa pumzi.

Ndipo akasema, "Mama Achieng, hasira yako ni kubwa sana. Haya, iweke kwenye ule ufa tuone kama itaziba."

Unajua shuleni niliandika insha ya usipoziba ufa utajenga ukuta? Mwalimu aliisomea darasa zima. Niliandika kuhusu urafiki, kuhusu nchi, kuhusu nidhamu. Kumbe methali ilikuwa inaongea juu ya ufa.

Nikamuuliza nianzie wapi. Akainua kichwa, na nikaona anatabasamu. Alisema udongo upo, majivu yapo, mikono ipo, lakini wenzangu walishamaliza mavi ya ng'ombe tangu masika. Mimi ndiye msichana wa Kawangware, sivyo? Kule Riruta Satellite si watu wanafuga ng'ombe nyuma ya nyumba? Niende.

Nikaenda. Nilitembea kutoka Kibera mpaka Satellite, kwa mzee mmoja jirani wa baba yangu aliyekuwa na ng'ombe wawili. Alinijazia gunia bila swali, akacheka tu akasema hakuwahi kuona mtu aliyefanya mtihani wa kemia akibeba mzigo kama ule. Nikajitwika. Na kwa kuwa Mungu ana mzaha wake, pale barabarani nikakutana na msichana tuliyesoma dawati moja, amevaa viatu vya kisigino, midomo imepakwa rangi.

"Sasa! Umebeba nini?"

"Dawa ya kifua," nikamjibu, nikapita.

Nilicheka peke yangu mpaka nikavuka barabara ya Ngong. Sijui furaha ile ilitoka wapi. Asubuhi nilikuwa nalia, na sasa nilikuwa na gunia la mavi kichwani, jasho linanitoka katikati ya Julai, na kwa mara ya kwanza mwezi ule sikuwa nahisi baridi hata kidogo.

Nilipofika, Mama Mwende alikuwa ameshawaita wanawake wa ploti. Hawakuniuliza nilikuwa wapi wakati wa nyumba zao. Mmoja tu ndiye aliyesema, "Leo msomi ameleta cheti chake," wakacheka wote, na mimi nikacheka, maana kilikuwa kinanuka kweli. Tukamwaga udongo, mavi, majivu mengi ili yakauke haraka, maji kidogo. Kisha tukavua viatu.

Matope ya Julai ukiyakanyaga mara ya kwanza yanauma kama barafu. Nilipiga yowe. Lakini ukiendelea, na wenzako wanaimba, na mama wa Kitui anaongoza wimbo wa mavuno ambao hakuna anayeujua isipokuwa yeye, miguu inaanza kuwaka. Moto unapanda magotini, unapanda tumboni, unafika usoni. Watoto walikuja kuchungulia, watu wa maji wakaacha mitungi foleni. Ploti iliyokuwa imefungwa milango tangu mwezi uanze, kila mtu na kikohozi chake, ilijaa watu kama sikukuu.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda, wewe umefungwa mgongoni kwake. Tulipoanza kupaka ukuta, nilimwona anasogeza kigoda. Akasogeza tena. Mwishowe akasimama.

"Nani amewafundisha kukandika hivi? Mnapaka mkate siagi?"

Mama Mwende akamjibu bila kugeuka kwamba kwao Kitui nyumba ya aina hiyo imesimama tangu babu yake.

"Kwa sababu huko mvua haiji kuijaribu," akasema mama mkwe, akakufungua mgongoni, akanipa, akajifunga leso kiunoni.

Mwanangu, ungemwona. Aliupiga ule udongo kwenye ufa kwa nguvu mpaka ukuta ukaguna, kisha akausawazisha kwa kiganja, mkono unakwenda nusu duara, nusu duara, kama anayembembeleza mtu. Wale wazee wawili walishindana mpaka saa za jioni, huyu anasema udongo wa mwenzake ni mchanga mtupu, huyu anasema wa mwenzake ni uji. Ndani tulitandika katoni chini ya mkeka, tukashona magunia tukayatundika chini ya mabati. Kidole kimoja hakivunji chawa, na siku ile vidole vilikuwa vingi hata chawa mwenyewe angehama.

Katikati ya kazi mwenye nyumba akatokea. Akauliza ni nani aliyeturuhusu kugusa ukuta wake. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, na ungesikia maneno, lakini mama mkwe alinitangulia. Alimgeukia matope yamemfika viwikoni.

"Huu ufa ni wako? Basi uchukue, uende nao."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mwenye nyumba aliondoka. Usidhani nilimsamehe. Mwezi uliofuata alitaka kupandisha kodi eti nyumba imekuwa nzuri, tukamngojea sisi sote mlangoni na yale makarai, akabadilisha mawazo. Lakini hiyo ni hadithi ya hasira, na hasira ile nayo ilikuwa na kazi yake, siku yake.

Ukuta mbichi unatoa baridi, kwa hivyo wewe ulilala kwa Mama Mwende na nyanya yako mpaka ukuta ulipokauka. Nilikuwa nakuja kukunyonyesha, na kila nikija nilikuwa naupapasa ukuta njiani kama mtu anayeangalia homa ya mgonjwa. Mama mkwe hakusema kama ataondoka na wewe au bila wewe. Mfuko wake ulikuwa umeshafungwa. Sweta zako zilikuwa ndani yake.

Jumamosi jioni, giza likianza, upepo ukitoka upande wa bwawa la Nairobi kama kawaida yake, alikuja na koroboi. Aliingia, akafunga mlango, akaiweka karibu na kitanda, akaiwasha. Tulisimama wote: mimi, baba yako bila chai safari hii, Mama Mwende akiwa amekubeba.

Mwali ukasimama wima.

Nilitaka kupiga kelele lakini akainua mkono. Akaishika koroboi, akaisogeza polepole ukutani, juu, chini, nyuma ya kitanda. Na pale chini kabisa, kwenye kona, mwali ukainama. Kidogo tu.

Mama mkwe aliinama akaangalia. Akatoka nje, akarudi na donge la udongo, akalibandika, akalikandamiza kwa kidole gumba. Akashika tena koroboi. Mwali haukutikisika.

"Mtoto abaki," akasema. Kisha akafungua mfuko wake, akatoa sweta zako moja moja, akaziweka kitandani.

Asubuhi tulimsindikiza. Wewe ulikohoa tena wiki ile, nami nilikupeleka kliniki, maana udongo si daktari, lakini kifua kilifunguka na Julai ikaisha ukiwa mgongoni kwangu. Tulipohamia Kawangware niliangalia kwa mara ya mwisho nyuma ya kile kitanda. Alama ya kidole chake ilikuwa bado ipo.

Sasa sikia ninachokuambia. Mwenye nyumba akikukosea, mfuate, mdai, usimwachie. Lakini mtoto asilale kwenye upepo akingoja wewe ushinde kesi. Ziba kwanza, gombana baadaye, mikono ikiwa bado na matope kama ikibidi. Jiko liwashe nje mpaka makaa yawe mekundu, pika mlango ukiwa wazi, na ukilala lisiwe ndani, hata likionekana limekufa. Katoni iliyotupwa dukani ni blanketi ya sakafu. Uji unyweni moto, na unyweni pamoja, maana mtu akijifungia na baridi yake anazaa kisirani. Julai ikikukuta umenuna, toka nje utafute mwenye kazi ya miguu umsaidie. Na mkubwa akikuambia neno la kukuchoma, ingia ndani uangalie mwali wa koroboi yako kabla ya kumjibu.

Mungu akupe, Achieng, ukuta usiopitisha upepo. Na ukipasuka, maana kuta zote hupasuka, akupe jirani wa kukulazia mgeni, na mama mkwe anayejua kuinama. Julai zako zote zikukute na miguu yenye moto. Na mlango ukigongwa na mwanamke mwenye karai, mwanangu, fungua.