Mwalimu wa Utulivu Aliyeshindwa na Kilio

Leo nimemuona mwalimu wa utulivu akimkemea mjane.

Nilimpeleka shangazi yangu, Bi Zuhura, kwenye darasa la kupumzisha mwili, hapa Shangani. Katoka eda juzi. Tangu afiwe na mume hajatoa chozi.

Tukalala mikekani, wanawake peke yetu. Mwalimu, kwa sauti ya kubembeleza, akasema: "Sikilizeni mwili. Panapouma, pumueni hapo."

Shangazi akashika kifua, akapumua, akaangua kilio.

"Bi mkubwa, unawavurugia wenzio utulivu!"

Utulivu gani huo, jamani, unaoogopa machozi?

Nikamtoa, tukakaa barazani. Akalia mpaka akamaliza.

"Nna njaa," akasema. Miezi sijalisikia neno hilo kwake.

Nyie mngemjibuje yule mwalimu? Mimi nshamjibu, ila hayaandikiki hapa.