Nyumba namba sita ni tupu

Jumamosi nilitembea peke yangu katika kambi ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi, hapa mtaani Dilala, nikifuata karatasi inayomwongoza mgeni nyumba kwa nyumba. Namba sita iliandikwa: "Nyumba ya kampuni, tupu." Nikainua simu nipige picha.

"Shee, mutoto! Unapiga picha bila hodi?"

Mama mzee alisimama dirishani, ameshika pazia. Nikamwomba radhi, nikamsomea karatasi.

"Tupu? Na mi niko nini, pazia?" Akacheka. "Majirani bote balienda. Batu ba kampuni bakikuya kubomoa, batasema hakukuwa mutu."

Chuoni nabishana hata na maprofesa. Pale nilirudisha simu mfukoni. Siku hizi mitaa yetu inaandikwa na watu wasioshuka kwenye gari. Aliyeandika "tupu" hakupiga hodi. Lakini hata mimi sikupiga.

Nikalifuta neno hilo kwa kalamu, nikaandika: "Mama anaishi hapa." Akaniomba karatasi aibandike mlangoni, nikampa.

Nikarudi bila karatasi, nikipiga hodi kila mlango hadi barabarani. Hakuna aliyeitika.